Jinsi ya kupima joto la mashine ya boti: mwongozo kamili, kuanzia kitundu cha pembeni hadi impela

Malalamiko ni yaleyale, iwe Mafia, Kilwa, Lamu au Ukerewe: "Maji yalikuwa yanatoka vizuri, lakini mashine imekufa." Pistoni zimenata, hedi (kifuniko cha silinda) imepinda, na mwenye boti haamini, kwa sababu aliona kwa macho yake mashine ikikojoa, yaani ikitoa maji kwenye kitundu cha pembeni.

Kosa lipo kwenye kipimo. Maji ya pembeni yanathibitisha jambo moja tu, kwamba pampu inasukuma maji kiasi fulani. Hayasemi chuma kina joto gani. Mkono nao haufai: mashine yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 50 hadi 70, joto ambalo kiganja hakivumilii. Mtu anagusa hedi, anaungua, anaamini mashine inachemka, anang'oa thamostati (vali inayofunguka kwa joto ili kupitisha maji ya kupoza). Hapo ndipo uharibifu unapoanza.

Mwongozo huu ni wa mashine za kufunga tezi (nyuma ya boti) zinazopozwa kwa maji ya bahari au ziwa, kuanzia nguvu za farasi 15 hadi 60. Mifano mingi imewekwa kwenye mashine ya 40 ya mipigo miwili yenye silinda mbili, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye madiko na mialo yetu. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha kulenga kama bunduki, cha viwandani, kinachosoma angalau hadi nyuzi 200. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifai, kwani kimetengenezwa kwa joto la mwili na hukataa kusoma kitu chochote cha moto zaidi.
- Mita ya fundi umeme yenye waya wa kupimia joto. Hii ndiyo bora kwa kipimo cha boti ikiwa mwendoni.
- Kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110, sufuria na uzi.
- Utepe mweusi wa umeme, au utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi.
- Chupa tupu ya lita 1 na simu ya kuhesabia sekunde.
- Spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi, mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya baharini.
- Mshipi mnene wa kuvulia au waya laini wa shaba wa kuzibulia.
- Gasketi mpya ya kifuniko cha thamostati, na impela mpya (gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji) hata kama hujui kama utaihitaji. Usifungue pampu ya maji bila impela mkononi.
- Daftari.

Kabla ya yote, hakiki vipimajoto vyako. Chemsha maji, tumbukiza kipimajoto cha jikoni na ncha ya waya wa mita. Pwani vinatakiwa kusoma karibu na 100. Mwanza, Bukoba na Kisumu, kwa sababu Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na 96. Kifaa kikisoma tofauti kwa nyuzi 3, andika tofauti hiyo uitoe kwenye kila kipimo, au uiongeze kama kilisoma pungufu. Kikikosea kwa 10, kiache.

## Tahadhari tatu

Usiwashe mashine nje ya maji hata kwa "sekunde mbili tu za kusikiliza". Impela ni ya mpira na inalainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu, mabawa yanasuguana na kikombe cha chuma na kuungua ndani ya sekunde chache.

Ukifungua kofia ya mashine ikiwa inawaka, flaiwili (gurudumu zito linalozunguka) iko wazi juu. Vua kanga, shuka, mtandio au shati lenye mikono mirefu iliyolegea. Waya za mita zifungwe mbali nayo.

Ukiingiza mkono karibu na panga boi, kamba ya kuzimia iwe imechomolewa na iko mfukoni mwako wewe, si mfukoni mwa mwenzako.

## Hatua ya 1: Kagua njia ya maji, mashine ikiwa imezimwa

Inua mguu wa mashine. Tafuta matundu ya kunyonyea maji: yako pande zote mbili za mguu, chini ya ile sahani iliyo juu ya panga boi, yamefunikwa na wavu au yamechongwa kama mbavu. Toa nailoni, mwani, kome wadogo na vipande vya nyavu. Ziwani ongeza mizizi ya magugu maji. Upande mmoja ukiziba, mashine itapoa vizuri ikiwa taratibu na kuungua ikiwa kasi, na maji ya pembeni yataendelea kutoka.

Kisha kitundu cha pembeni. Chomeka mshipi mnene sentimita 5 hadi 10, uzungushe, uvute. Chumvi iliyokauka hutoka kama punje nyeupe. Udongo ukitoka, ni nyigu. Wanapenda kujenga humo mashine ikikaa wiki mbili ufukweni. Usitumie msumari, utatoboa mpira wa ndani.

Angalia pia urefu wa mguu kwenye tezi. Simama nyuma ya boti na utazame: sahani iliyo juu ya panga boi inatakiwa iwe sawa na chini ya boti au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Boti zetu za mbao zina mkuku mnene, na mkuku huacha mkondo wa maji yenye hewa nyuma yake. Mashine ya mguu mfupi (inchi 15) kwenye tezi ya inchi 20 hunyonya hewa kila boti inapoinua omo (mbele yake), na hakuna impela itakayotibu hilo.

Umefanikiwa: unaona mwanga au unapitisha waya kwenye kila tundu la kunyonyea, na mshipi unaingia na kutoka safi.

## Hatua ya 2: Weka alama za kupimia

Kipimajoto cha kulenga hakipimi chuma, kinapima miale inayotoka juu ya chuma. Alumini iliyo wazi na inayong'aa hutoa miale michache sana, hivyo kifaa kitakuambia nyuzi 38 wakati chuma kiko 80. Hili ndilo kosa la kwanza la wenye vipimajoto, na linaua mashine kwa sababu linatoa jibu zuri la uongo.

Safisha na bandika kipande cha utepe, ukubwa wa stempu ya posta, sehemu hizi:

1. Hedi ya silinda ya juu, karibu na plagi, sentimita 2 hadi 3 chini yake.
2. Hedi ya silinda ya chini, mahali palepale.
3. Kifuniko cha thamostati. Mara nyingi kiko juu kabisa ya hedi, kina bolti mbili au zaidi.

Kandamiza utepe usiwe na hewa chini yake. Sehemu yenye rangi ya kiwandani ambayo haijachubuka inaweza kupimwa bila utepe, lakini pima mahali palepale kila siku.

Shika kipimajoto sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye utepe. Ukisimama mbali, kifaa kinachanganya joto la hedi, la mabomba na la hewa, kisha kinakupa wastani. Nukta nyekundu inaonyesha mwelekeo tu. Eneo linalopimwa ni kubwa kuliko nukta hiyo.

Ukitumia waya wa mita, bandika ncha yake kwenye alama ya 1, uongezee utepe juu, kisha upitishe waya chini ya ukingo wa kofia. Uweke mbali na waya za plagi. Namba zikirukaruka kama wazimu, ni umeme wa plagi unaoingia kwenye waya, hivyo sogeza waya kwanza kabla ya kuilaumu mita.

## Hatua ya 3: Washa, na upime maji ya pembeni kwa chupa

Mahali pazuri pa kupimia ni boti ikiwa majini, imefungwa nangani. Pipa la lita 200 linafaa kwa kuanzia tu. Ndani ya pipa maji ni yaleyale yanayozunguka, yanapata joto, na moshi unayajaza mapovu ambayo pampu inayanyonya. Ukipima zaidi ya dakika 10 ndani ya pipa utapata namba kubwa ambayo si kosa la mashine. Panga boi litolewe, na maji yafunike sahani ya mguu kwa sentimita 10 hivi.

Kofia za mpira za kuunganisha bomba la maji kwenye mguu nazo zinafaa kuoshea, si kupimia pampu. Presha ya bomba inasukuma maji juu hata impela ikiwa imekwisha.

Washa, weka frii (bila gia), mzunguko wa chini (sailensa, kama mafundi wanavyoita). Maji yanatakiwa kutoka pembeni ndani ya sekunde 10 hadi 15. Yakichelewa zaidi ya 30, zima.

Sasa kinga chupa ya lita 1 na hesabu sekunde hadi ijae. Fanya mara tatu, andika wastani. Hakuna namba moja ya mashine zote, kwa kuwa vitundu vinatofautiana. Thamani ya kipimo hiki ni kulinganisha mashine na yenyewe: pima siku uliyoweka impela mpya, kisha kila mwezi. Chupa iliyokuwa ikijaa kwa sekunde 25 ikianza kuchukua 40, impela inaelekea mwisho ingawa kwa macho maji "yanatoka vizuri".

Jambo la kushika: katika mashine nyingi maji ya kitundu hiki huchukuliwa kabla ya thamostati. Yaani thamostati inaweza kuwa imeganda imefungwa, hedi inaungua, na mashine inakojoa kwa nguvu kabisa.

## Hatua ya 4: Pima joto kwenye mzunguko wa chini

Acha mashine iwake dakika 10. Pima alama zote tatu kila baada ya dakika 2 na uandike. Usisubiri namba ya mwisho tu. Jinsi joto linavyopanda ni habari yenyewe.

Kwenye mashine yenye thamostati nzima utaona hivi: joto linapanda bila kusita hadi linapokaribia nyuzi 50 (mashine nyingi za mipigo miwili) au 60 (nyingi za mipigo minne), kisha linashuka kidogo ghafla, labda nyuzi 3 hadi 8, halafu linatulia. Kushuka huko ni thamostati ikifunguka na maji baridi kuingia. Ukiona mshuko huo, umeona thamostati ikifanya kazi bila kufungua bolti hata moja.

Andika pia joto la maji unayoelea. Bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 kutegemea kusi au kaskazi, na nyuzi 5 za tofauti zinaonekana kwenye hedi.

## Hatua ya 5: Pima mashine ikiwa na mzigo

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayokamata mashine mbovu. Ikiwa frii, mashine inachoma petroli kidogo sana. Joto la kweli linakuja boti ikiwa na watu, barafu na nyavu, mkono wa gesi ukiwa wazi.

Nendeni wawili, siku ya maji matulivu. Mmoja ashike usukani na asifanye kingine. Mwingine asome mita akiwa ameketi.

1. Endesha nusu gesi dakika 5. Andika.
2. Endesha gesi ya kawaida ya safari yenu dakika 5. Andika.
3. Fungua gesi yote dakika 3. Andika. Ikipita 85 kabla dakika hazijaisha, punguza mara moja.
4. Rudi mzunguko wa chini, uache dakika 2, andika.

Kama una kipimajoto cha kulenga tu, fanya namba 2 ya orodha hii, punguza gesi, weka frii, inua kofia na upime ndani ya sekunde 20. Ukichelewa, maji baridi yameshapunguza joto, na kipimo kinasema uongo wa upole.

## Hatua ya 6: Soma namba

Hizi ni namba za uso wa chuma kwenye alama ulizobandika, maji ya nje yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

- Chini ya 40 baada ya dakika 15: baridi mno. Thamostati imeganda wazi, au haimo.
- 45 hadi 65 mzunguko wa chini: sawa.
- 50 hadi 75 kwenye mzigo: sawa.
- 75 hadi 85: kuna kitu kinaanza. Malizia safari taratibu, usitoke kesho kabla hujapata sababu.
- Zaidi ya 85: punguza gesi na urudi. Zaidi ya 95, zima.

Linganisha silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10, tatizo si pampu, kwani pampu inahudumia zote mbili. Ni njia ya maji iliyoziba upande mmoja, gasketi ya hedi inayovuja, au kabureta inayoinyima silinda hiyo petroli. Toa plagi utazame: kauri nyeupe iliyokauka yenye vipele vidogo ni silinda yenye joto kupita kiasi.

Kwa jinsi joto linavyobadilika na gesi:

Moto taratibu, baridi ikiwa kasi. Impela imechoka. Kwenye mzunguko mdogo mabawa yaliyochoka hayabani ukutani, kwenye kasi mzunguko wenyewe hurusha maji nje na kuyasukuma.

Baridi taratibu, moto ikiwa kasi. Maji hayatoshi mzigo: matundu ya kunyonyea yamezibwa nusu, mguu uko juu na unavuta hewa, au njia za ndani zimejaa chumvi. Kwenye mashine kubwa kidogo zenye vali ya presha, vali hiyo huenda imenata.

Moto muda wote, mshuko wa hatua ya 4 hauonekani. Thamostati imefungwa.

Joto linaruka ghafla kutoka 60 hadi 90 na kurudi. Hewa au moshi ndani ya njia ya maji. Tazama gasketi ya hedi.

Kwa mashine za kuchanganya oili, kabla ya kufungua chochote hakikisha mchanganyiko. Kibandiko kikisema 1:50, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Oili pungufu huleta joto ambalo maji hayawezi kuliondoa.

## Hatua ya 7: Jaribu thamostati kwenye sufuria

Bolti za kifuniko cha thamostati ndizo zinazokatika kuliko bolti zote za mashine ya baharini. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja hata usiku mzima. Gonga kichwa cha bolti taratibu kwa nyundo ndogo. Jaribu kukaza kidogo kwanza, kisha legeza. Ikigoma, rudi na mafuta. Usiongeze bomba kwenye spana: bolti ya milimita 6 iliyokatika ndani ya alumini ni kazi ya siku nzima, na wakati mwingine ni hedi mpya.

Toa thamostati. Tazama namba iliyogongwa juu yake, ndiyo joto inapoanza kufunguka. Isafishe kwa kuiloweka kwenye siki nyeupe nusu saa na mswaki wa zamani. Mara nyingi kilichoizuia ni chumvi tu.

Sasa jaribio. Fungua vali kidogo kwa ukucha, ingiza uzi, iache vali iubane. Ining'inize kwa uzi huo katikati ya sufuria ya maji isiguse chini wala pembeni, kwa sababu chuma cha sufuria kina joto kuliko maji. Ning'iniza kipimajoto kando yake. Washa moto mdogo, koroga taratibu.

Thamostati ikifunguka, itauachia uzi na kudondoka. Soma kipimajoto wakati huohuo. Yenye namba 50 inatakiwa idondoke kati ya 48 na 52. Endelea kupasha nyuzi 10 zaidi, itoe kwa kijiko: iwe imefunguka angalau milimita 3. Iache ipoe, iwe imejifunga kabisa, usione mwanga kati ya vali na kiti chake.

Ikichelewa, isipofunguka au isipojifunga, tupa. Haitengenezeki.

Msirudishe mashine bila thamostati. Ushauri huo unaenea kila bandari na unagharimu watu. Mashine ya mipigo miwili isiyopata joto lake hujaza kaboni, huchafua plagi na kula petroli zaidi. Ya mipigo minne ni mbaya zaidi: petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inaonekana "imeongezeka" kwenye kijiti na kunuka petroli, na beringi zinasagika. Mashine chache ndogo zilitoka kiwandani bila thamostati, hizo ziacheni zilivyo.

Rudisha kwa gasketi mpya, springi ikielekea ndani, grisi ya baharini kwenye nyuzi za bolti. Kaza kwa spana fupi, nguvu ya kiganja tu, karibu nyutonimita 8.

## Hatua ya 8: Fungua pampu ya maji

Fanya hivi kama hatua ya 3 au ya 6 imekuonyesha impela, au kama imetimiza mwaka. Wanaopandisha boti kwenye mchanga kila siku wasingoje mwaka. Miezi sita inatosha, kwani mchanga unasaga kikombe kama msasa.

Weka gia mahali utakapopakumbuka na usiiguse tena. Tenganisha fimbo ya gia. Fungua bolti za mguu, kwa kawaida 4 hadi 6, na mara nyingine moja imejificha chini ya pezi dogo la zinki. Piga alama kwenye pezi hilo kabla ya kulitoa, maana likirudi limepinda usukani utavuta upande. Teremsha mguu taratibu.

Fungua boksi la pampu. Impela iko mbele yako: tazama mzizi wa kila bawa, pale linapoungana na kitovu. Likunje kwa kidole. Ufa mdogo kama unywele ukionekana, imekwisha. Mabawa yaliyobaki yamelala upande mmoja baada ya kutolewa nayo yamekwisha, hata kama hayana ufa.

Hesabu mabawa. Moja likipungua, kipande chake kimepanda na maji na kimekwama kwenye bomba au mlango wa hedi. Kukitafuta ni lazima. Ukiweka impela mpya bila kukipata, mashine itaungua tena wiki ijayo na utailaumu impela.

Pitisha ukucha ndani ya kikombe cha chuma na juu ya bamba la chini. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, badilisha navyo. Impela mpya ndani ya kikombe kilichochimbika ni kazi nusu. Linganisha impela mpya na ya zamani kwa kimo, kitovu na mkato wa kii (kipande kidogo cha chuma kinachoifunga impela kwenye shafti), kwa kuwa za bandia mara nyingi hupungukiwa milimita moja ya kimo, na milimita hiyo ndiyo presha yako.

Paka maji ya sabuni. Weka kii, telezesha impela, kisha shusha boksi huku ukizungusha shafti kufuata mwendo wa saa ukitazama kutoka juu. Mabawa yatajikunja upande sahihi. Usiizungushe kinyume baada ya hapo.

Unaporudisha mguu, mambo mawili huharibu kazi yote. La kwanza, bomba la maji lisipoingia kwenye mpira wake, maji yatamwagika ndani ya mguu na hakuna tone litakalofika hedi. Chungulia kwa tochi wakati mguu ukiwa umebakiza sentimita 5. La pili, grisi juu kabisa ya shafti huizuia kukaa mahali pake. Paka kwenye meno ya pembeni tu.

## Hatua ya 9: Njia za ndani na hedi

Kama pampu na thamostati ni nzima na joto bado liko juu, chumvi imejenga ndani. Fungua hedi, kwangua njia za maji kwa kijiti cha mbao au waya wa shaba, loweka sehemu ulizofungua kwa siki, suuza kwa maji mengi ya baridi. Msitumie maji ya betri: asidi ile inakula alumini pamoja na chumvi.

Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, pima mwanya kwa vibamba vya kupimia. Ukizidi milimita 0.1, hedi imepinda. Laza msasa namba 400 juu ya kioo nene, lowesha, sugua hedi kwa mzunguko wa namba nane hadi uso wote ung'ae sawasawa. Gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kutoka katikati kwenda nje, kwa raundi mbili.

Ili chumvi isirudi, osha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila safari ya bahari, dakika 10, ikiwa inawaka ndani ya pipa lililokatwa. Dakika 10 zina sababu: thamostati ikiwa bado imefungwa, maji safi hayapiti kwenye njia zote. Angalizo kwa wenye mashine za mipigo minne zenye kiunganishi cha mpira wa maji pembeni: nyingi zinaoshwa kwa kiunganishi hicho zikiwa zimezimwa.

## Ikiungua ukiwa baharini

Punguza gesi hadi chini, weka frii, tazama maji ya pembeni kwa sekunde 10. Hayatoki? Zima, chomoa kamba ya kuzimia, inua mguu, toa nailoni. Tia nanga kama unasogea kuelekea mwamba.

Usimwagie hedi maji. Alumini yenye joto ikipigwa na maji baridi hupinda au kupasuka. Inua kofia, ngoja angalau dakika 30. Kisha vuta kamba ya kuwashia taratibu plagi zikiwa zimetolewa: ikizunguka laini, jaribu kuwasha. Ikiwa nzito au inakwaruza, usiilazimishe. Tweka tanga, piga kasia, au omba kuvutwa.

Ukifika, pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya safari nyingine. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, pete au pistoni imeumia, na mashine hiyo ifunguliwe mapema, wakati bado ina uwezo wa kuwaka, kabla haijanata kabisa.

## Ukurasa wa daftari

Rudia hatua ya 3 hadi ya 5 baada ya kila matengenezo, na mara moja kila mwezi. Mstari mmoja unatosha:

tarehe | joto la maji | sekunde za chupa | juu/chini, sailensa | juu/chini, gesi ya safari | gesi yote | impela ilibadilishwa lini

Uandike kwa penseli, maana wino hufutika ukipata maji, na daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na plagi za akiba.